MAFUTA YAGEUKAYO SABUNI NA MAFUTA YASIYOGEUKA

Maelezo kwa wakulima wa Kigonsera, nchi ya Umatengo, na pwani ya Ziwa Nyasa

1. Neno la kwanza

Katika nyumba ya mkulima, tangu Kigonsera hata milima ya Umatengo na pwani ya Ziwa Nyasa, hapakosi mafuta ya namna tatu au nne. Pana mafuta ya nguruwe yaliyobaki katika chungu baada ya sikukuu. Pana chupa ya mafuta ya alizeti au ya karanga. Pengine pana mawese mekundu yaliyoletwa kutoka Kyela au Kigoma. Mwenye mizinga ana bonge la nta. Tena pana mafuta ya taa, na kopo la mafuta ya mgando ya kujipaka ngozi. Vitu hivi vyote huyakataa maji: ukivitia katika maji matupu huelea juu, wala havichanganyiki. Kwa sababu hiyo watu wengi hudhani ya kuwa ni vitu vya ukoo mmoja, tena ya kuwa kitu kimoja chaweza kushika mahali pa kingine.

Dhana hiyo si kweli, nayo huleta hasara. Mtu hununua mafuta ya bei nafuu ili apike sabuni, akafuata kipimo chote sawasawa, na mwisho wake apata kitu kinachonata, kisichotoa povu, nacho huchubua mikono ya wafuao nguo. Huilaumu mikono yake mwenyewe, au kuni, au mwezi. Kosa halikuwa katika hayo. Kosa lilikuwa katika mafuta, kwa kuwa sehemu yake moja haikuwa ya ukoo unaogeuka sabuni.

Kusudi la karatasi hii ni kueleza jinsi mafuta yanavyogawanyika katika koo mbili, na kipimo cha kuzitenga koo hizo. Kipimo chenyewe ni alkali, yaani maji makali yapatikanayo kwa jivu na chokaa, au kwa ile dawa nyeupe ya dukani iitwayo kostiki. Mafuta ya ukoo wa kwanza, yakipashwa moto pamoja na alkali, huvunjika na kuwa sabuni. Mafuta ya ukoo wa pili hukaa kama yalivyo, hata ukiyachemsha mchana kutwa.

2. Fundo lililo ndani ya mafuta

Kwa nini mengine huvunjika na mengine hukataa? Sababu imo katika umbo lao la ndani, ambalo jicho haliwezi kuliona.

Fikiri kigingi kifupi kilichofungwa kamba ndefu tatu, kila kamba kwa fundo lake. Hivyo ndivyo yalivyo mafuta ya nguruwe, ya ng'ombe, ya karanga, ya ufuta, ya alizeti, ya nazi na mawese. Kigingi ni gliserini, kitu kitamu, kizito kama asali, chenye kuyeyuka katika maji. Kamba tatu ni asidi za mafuta. Maadamu kamba zimefungwa, kitu kizima huyakataa maji. Alkali ijapo huyafungua mafundo matatu. Kigingi huenda zake majini, na kila kamba hushikamana na alkali kwa ncha yake iliyofunguliwa. Kamba iliyoshika alkali ndiyo sabuni. Ncha yake moja hupenda maji, na mwili wake uliobaki hupenda mafuta. Ndiyo maana sabuni huweza kuushika uchafu wa mafuta katika nguo na kuuchukua pamoja na maji.

Basi kanuni yenyewe ni fupi. Alkali haifanyi kazi ya kuyeyusha mafuta kwa nguvu. Kazi yake ni kufungua fundo. Palipo na fundo la namna hiyo, alkali itavunja. Pasipo na fundo, haina la kufungua, na mafuta yatabaki mafuta.

Jambo hili lilichunguzwa na Mfaransa mmoja, Michel Eugène Chevreul, aliyezaliwa mwaka 1786. Alianza kwa sabuni ya mafuta ya nguruwe, kama ile iwezayo kupikwa katika nyumba zetu, akaitenganisha sehemu kwa sehemu, na mwaka 1823 akatoa kitabu kikubwa juu ya mafuta ya wanyama. Katika uchunguzi wake alikuta pia kitu cheupe, chenye asili ya mafuta, kitokacho katika mawe ya nyongo ya mwanadamu. Alikitia alkali, nacho hakikugeuka sabuni. Kitu hicho leo twakiita kolesteroli. Hivyo mpaka baina ya koo mbili ulianza kuonekana. Chevreul aliishi miaka 102, akafa mwaka 1889, na wataalamu wa hata leo hugawanya lipidi, ndilo jina lao la jumla kwa mafuta ya viumbe, kwa kufuata mpaka huo huo.

3. Ukoo wa kwanza: mafuta yavunjikayo

Katika ukoo huu yamo karibu mafuta yote ya kupikia, yawe ya mnyama au ya mmea. Kiini cha yai pia kina mafuta ya ukoo huu. Hata hivyo hayalingani katika kiasi cha alkali yanachokula. Kamba zikiwa fupi, kilo moja huwa na mafundo mengi, na alkali nyingi hutakiwa. Kamba zikiwa ndefu, mafundo ni machache. Kilo moja ya mafuta safi huhitaji kostiki kwa kadiri hii ili ivunjike yote:

Mafuta ya nazi: gramu 180 hivi.
Mafuta ya ng'ombe, ya nguruwe, na mawese: gramu 140 hivi.
Mafuta ya karanga na ya alizeti: gramu 135 hivi.
Mafuta ya mbarika, yaitwayo pia nyonyo: gramu 128 hivi.

Mpishi mwenye busara hupunguza kidogo katika hesabu hiyo, ili yabaki mafuta machache yasiyovunjika, wala isibaki alkali yenye kuunguza. Kwa kilo moja ya mafuta ya ng'ombe au ya nguruwe, gramu 130 zatosha.

Yafaa kujua pia ya kuwa mafuta yaliyochacha hayakuharibika kwa kazi ya sabuni. Katika mafuta ya namna hiyo baadhi ya mafundo yamekwisha kufunguka yenyewe, na kwa hiyo huishika alkali upesi zaidi. Yasiyofaa mdomoni yaweza kufaa katika pipa la kufulia.

4. Nta: ndugu wa kati

Wafugaji wa nyuki wataka kujua nta yao ni ya ukoo gani. Jibu ni kwamba nta husimama kati. Sehemu yake kubwa ni kamba ndefu mbili zilizofungwa pamoja kwa fundo moja, bila kigingi cha gliserini. Alkali ikilifungua fundo hilo, kamba moja hugeuka sabuni, na ya pili hubaki kitu cha mafuta kisichoyeyuka katika maji. Hivyo karibu nusu ya nta huvunjika ikawa sabuni, na karibu nusu hukataa. Kilo ya nta hula alkali pungufu ya nusu ya ile inayoliwa na kilo ya mafuta ya ng'ombe.

Hapa pana somo kwa muuzaji na mnunuzi. Nta ya nyuki ina thamani. Kanisa Katoliki limeitumia kwa mishumaa ya altare tangu zamani, na viwanda vya dawa na vya marashi huitaka. Kwa hiyo wako watu wadanganyao kwa kuichanganya. Atiaye mafuta ya ng'ombe katika nta huifanya ile alkali nyingi kuliko desturi. Atiaye nta ya mishumaa ya dukani, ambayo hutolewa katika mafuta ya ardhini, huifanya ile kidogo, kwa kuwa nta hiyo haina fundo hata moja. Mpimaji katika maabara huyeyusha sehemu ndogo, huitia alkali aliyoipima, kisha huhesabu ni kiasi gani kimeliwa. Ikiwa mdanganyifu ametia vyote viwili, hesabu moja yaweza kufichwa na nyingine. Ndiyo sababu maabara haitumii kipimo kimoja tu. Mfugaji wa nyuki na ajue ya kuwa mchanganyiko uliopita mbele ya macho ya mnunuzi wa kijijini waweza kukamatwa mbali, na jina baya likawaangukia wenziwe wote wa upande huo.

5. Ukoo wa pili: yasiyovunjika

Katika ukoo wa pili yamo makundi mawili, nayo yapasa kutengwa vizuri.

Kundi la kwanza ni mafuta ya ardhini: mafuta ya taa, mafuta ya mitambo, nta ya mishumaa, na mafuta ya mgando ya kujipaka. Haya si lipidi za kiumbe hai kwa maana halisi. Yachimbwa katika nchi, na kusafishwa kwa viwanda. Hayana fundo la kufunguliwa. Mafuta ya mgando ya kujipaka hufanana sana na mafuta ya nguruwe yaliyoganda, hata mtu asiyenusa aweza kuyakosea; lakini moja hugeuka sabuni na jingine halitageuka kamwe.

Kundi la pili ni lipidi za viumbe hai zisizo na fundo. Nyingi zimejificha kidogo kidogo ndani ya mafuta ya ukoo wa kwanza. Katika kundi hili imo kolesteroli ya Chevreul. Zimo vitamini A, D, E na K. Imo rangi nyekundu ya mawese. Na sehemu kubwa ya mafuta yenye harufu kali, kama ya mkaratusi. Ukipika sabuni ya mawese yaliyo safi, sabuni yako hutoka ya rangi ya machungwa, kwa sababu rangi ile haikuvunjwa na alkali. Imebaki ndani ya sabuni kama mgeni.

Msidhani ya kuwa kitu kisichogeuka sabuni ni takataka. Rangi nyekundu ya mawese ndiyo mwili wa mwanadamu hutumia kujifanyia vitamini A. Mtoto aliyeikosa vitamini hiyo huanza kutoona vema jua likichwa, na akizidi kuikosa macho yaweza kuharibika kabisa, na mwili ukashindwa kupigana na maradhi. Ni sehemu ndogo sana ya mawese, pungufu ya gramu moja katika kilo, lakini ina thamani kuliko povu. Basi mwenye mawese mekundu mazuri asiyapike sabuni ikiwa ana mafuta mengine. Wala asiyaunguze katika chungu mpaka yawe meupe, maana moto mwingi huiharibu rangi hiyo pamoja na faida yake. Mawese mekundu ni ya mboga na ya watoto; sabuni na ipikwe kwa mafuta ya ng'ombe, ya nguruwe, au yaliyochacha.

Shindano hili kati ya chungu cha chakula na chungu cha sabuni si la nyumba zetu tu. Baada ya vita vya pili vya dunia Uingereza ilipungukiwa na mafuta ya chakula na ya sabuni, na kwa ajili hiyo serikali yake ilianzisha katika Tanganyika, mwaka 1947, mashamba makubwa ya karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kazi ile ilishindwa, ikaachwa mwaka 1951. Taifa zima lilitafuta mafundo yale yale tunayoyazungumza hapa, yaani mafuta ya ukoo wa kwanza. Mafuta ya ardhini yasingeweza kushika mahali pake katika mkate wala katika sabuni hii.

6. Kupata alkali kwa jivu

Asiye na kostiki aweza kupata alkali kwa jivu la kuni ngumu, la maganda ya ndizi, au la mabua. Twaa chombo cha mti au ndoo nzito ya plastiki, kitoboe tundu dogo chini, utandike majani makavu ndani ili jivu lisipite. Shindilia jivu jeupe lililochekechwa, kisha umimine maji ya mvua ya moto kidogo kidogo, na kukinga yanayotona chini. Maji yatokayo huwa ya rangi ya chai. Yakiwa dhaifu, yapitishe tena katika jivu jipya. Yai bichi likielea na kutokeza juu kipande cha ukubwa wa sarafu, maji yana nguvu ya kutosha. Yai hilo lisiliwe.

Maji ya jivu peke yake hufungua mafundo polepole mno. Ili yawe makali, yachemshe na kuyatia chokaa iliyozimwa, kidogo kidogo, huku ukikoroga kwa mti. Chokaa huchukua ile sehemu iliyoipooza alkali, na zote mbili huzama chini kama vumbi jeupe. Yaache yatulie, chota maji safi ya juu kijiko kimoja, yakipoa uyatie katika kikombe chenye siki nyingi. Yakitoa mapovu ya kufoka, chokaa bado haijatosha. Yasipofoka, maji yako tayari.

Sabuni ya maji ya jivu huwa laini kama uji mzito, nayo hufaa kufulia. Mwenye kutaka sabuni ngumu hutia chumvi ya kawaida ndani ya sabuni ya moto, hata sabuni ijitenge na kupanda juu. Sabuni ya kostiki huwa ngumu yenyewe.

7. Kupika sabuni kwa kostiki

Pima kwa mizani, wala si kwa kijiko. Kwa kilo moja ya mafuta ya ng'ombe au ya nguruwe yaliyochujwa, twaa gramu 130 za kostiki na gramu 350 za maji ya mvua yaliyo baridi.

Kwanza, ukiwa nje mahali penye hewa, tia kostiki ndani ya maji kidogo kidogo. Usimimine maji juu ya kostiki hata siku moja, maana huchemka ghafula na kuruka usoni. Maji yatapata moto yenyewe. Yaache yapoe hata yawe vuguvugu.

Pili, yeyusha mafuta, nayo yapoe hata uweze kuugusa ubavu wa chombo pasipo kuungua. Mimina maji ya kostiki ndani ya mafuta kama uzi, huku ukikoroga bila kukoma. Baadaye mchanganyiko utakuwa mzito kama uji, na tone lidondokalo juu yake litaacha alama.

Tatu, mimina katika sanduku la mbao lililotandikwa karatasi au plastiki, funika kwa gunia, na liache siku mbili. Kata vipande, uvipange mahali pakavu penye upepo kwa majuma manne, ili kazi ya kufungua mafundo iishe na maji yakauke.

Usitumie sufuria ya alumini wala kijiko cha alumini. Alkali huila alumini, ikatoa hewa iwezayo kuwaka moto. Chungu cha chuma, chombo cha chuma kisichoshika kutu, au ndoo nzito ya plastiki hufaa.

Sasa tazama hasara iletwayo na mafuta yaliyochanganywa. Tuseme mtu amenunua kilo moja ya mafuta ya ng'ombe, naye muuzaji ametia ndani yake gramu 300 za mafuta ya ardhini. Mafuta ya kweli ni gramu 700 tu, nayo huhitaji gramu 98 za kostiki. Mpishi, asiyejua, ametia gramu 130. Gramu 32 za kostiki hazina kitu cha kushika. Zitabaki ndani ya sabuni, na zitaunguza ngozi ya mama afuaye na ya mtoto aoshwaye. Na zile gramu 300 zisizovunjika zitaifanya sabuni inate na kukataa povu. Hapo hasara ni mbili: fedha na ngozi.

8. Kipimo cha mafuta yaliyonunuliwa

Kabla ya kutia kilo nzima katika chombo, pima kijiko kimoja. Yeyusha gramu 10 za kostiki katika gramu 100 za maji ya mvua. Twaa chupa mbili za kioo zenye mdomo mpana. Katika moja tia kijiko kidogo cha mafuta unayoyashuku. Katika ya pili tia kijiko kidogo cha mafuta uliyoyayeyusha mwenyewe nyumbani, ambayo huna shaka nayo. Tia katika kila chupa vijiko viwili vikubwa vya yale maji ya kostiki, na kipande kidogo cha sabuni kuukuu, kisaidie mafuta kuchanganyika upesi. Simamisha chupa zote mbili, bila kuziziba, ndani ya chombo cha maji yaliyo karibu kuchemka, zikae muda wa saa mbili, huku ukikoroga kwa kijiti na kurudishia maji yanayopungua.

Kisha chota kidogo kutoka kila chupa, ukitie katika bilauri ya maji ya mvua ya moto. Tazama yangali moto, maana sabuni ya mafuta ya ng'ombe ikipoa huwa na ukungu. Mafuta ya nyumbani yatayeyuka yote, wala hapatakuwa na macho ya mafuta juu. Ikiwa yale ya kununuliwa yameyeyuka vivyo hivyo, yalivunjika. Ikiwa macho ya mafuta yaelea juu, chemsha tena saa moja, upime mara ya pili, huenda kazi ilikuwa haijaisha. Yakiwa bado yaelea hali ya nyumbani yamekwisha kuyeyuka, basi ndani yake pana kitu cha ukoo wa pili.

Lakini mpaka wa kipimo hiki ujulikane. Hakiwezi kuonyesha ya kuwa mafuta ya ufuta yamechanganywa na ya alizeti, kwa kuwa yote ni ya ukoo mmoja na yote huvunjika. Hakionyeshi kitu kilichotiwa kwa uchache sana. Wala hakithibitishi ya kuwa mafuta ni salama kuliwa. Kinajibu swali moja tu: je, mafuta haya yatageuka sabuni yote, au sivyo? Tena mafuta yoyote yaliyotiwa katika kipimo yamwagwe mbali, yasirudishwe jikoni.

9. Hatari ya alkali

Alkali ifunguayo mafundo ya mafuta ya nguruwe huyafungua pia mafuta yaliyo katika ngozi na jicho la mwanadamu. Ndiyo sababu mtu akiigusa huhisi vidole vyateleza kama vyenye sabuni. Kwa kweli ngozi yake mwenyewe inaanza kuliwa.

Vaa viatu, mipira ya mikono, na miwani. Watoto na mifugo wakae mbali. Usiweke kostiki wala maji yake katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa, hata kwa kitambo kidogo. Mtoto mwenye kiu hasomi alama. Ifungie mahali pa juu.

Ikimwagika juu ya ngozi au ikiingia jichoni, osha mara hiyo kwa maji safi mengi yatiririkayo, muda wa dakika 20 au zaidi, kisha uende zahanati. Usipake siki, wala mafuta, wala majani. Mtu akiinywa, asitapishwe, kwa sababu itamuunguza mara ya pili ikirudi. Asuuze kinywa kwa maji, apelekwe hospitali bila kukawia.

10. Maneno ya kukumbuka

Kwanza: si kila kitelezacho ni mafuta ya sabuni. Chenye fundo huvunjika. Kisicho na fundo hubaki.

Pili: mafuta ya wanyama na ya mbegu huvunjika, nta huvunjika nusu, mafuta ya ardhini hayavunjiki.

Tatu: mawese mekundu yaache yawe chakula. Kile kisichogeuka sabuni ndani yake ndicho kilindacho macho ya watoto.

Nne: pima kijiko kabla ya kupika kilo, na pima kwa mizani kabla ya kutia kostiki.

Tano: tia kostiki ndani ya maji, wala si maji juu ya kostiki, na alumini isiwe karibu.

Mkulima ashikaye maneno haya matano atajua kila chupa na kila bonge lililo rafuni mwake ni la ukoo gani, naye hatadanganywa upesi sokoni.